Mashua ya Portsmouth, bati la Tukuyu

Mama hajanisamehe. Jikoni kwake, Tukuyu, panavuja tangu masika ya mwaka jana, halafu mimi nimekuja likizo na simu imejaa picha za mashua. Tena mashua kuukuu. "Kanunua mtumbwi ambao Wazungu wameuchoka," ndivyo alivyowatangazia majirani, na hakukosea sana.

Ni mashua ya tanga, ya faiba, futi 26, imeundwa 1974. Niliinunua Portsmouth, Uingereza, kwa pauni 1,500, pesa ambayo hapa unapata bodaboda mpya na chenji inabaki. Aliyeniuzia aliapa kwamba ule unyevu juu ya kitanda ni jasho tu la usiku. Nikamwamini. Mnyakyusa niliyekulia kwenye migomba na chai, mimi na bahari wapi na wapi? Hata maneno kama mkuku, sitaha na ngama nimeyajulia huko huko ughaibuni, kwa jamaa wa Lamu ninayepangwa naye zamu za usiku.

Umeme haukunisumbua. Waya zote nilizing'oa, shaba ilishageuka nyeusi ndani ya plastiki. Nikapitisha waya uliopakwa bati, nikafunga sola ya wati 100, wikendi mbili kwisha. Valvu za chini ya maji, zinazozuia bahari isiingie ndani, ndizo zilizonitia hofu. Zilikuwa za brasi, na nilipozikwaruza zikaonyesha wekundu: chumvi imekula zinki, kilichobaki kinavunjika kama biskuti. Hapo sikufanya ubahili, niliweka za bronzi.

Sasa sitaha, yaani sakafu ya juu ya mashua. Sitaha ya mashua yangu ni tabaka mbili za faiba, katikati mbao laini za balsa, nyepesi kama maganda. Kila nguzo ya ukingoni imefungwa kwa boliti zinazopenya tabaka zote. Mpira unaoziba tundu ukizeeka, maji yanaingia kidogo kidogo, balsa inaoza, na ukikanyaga panabonyea kama godoro. Mimi nilipaka silikoni pale panapodondosha, juu ya kitanda. Mara tatu nilipaka, mara tatu pakavuja.

Nikampigia mjomba video, Matema. Yeye huchonga mitumbwi pale ufukweni, na Ziwa Nyasa likichafuka kwa upepo wa mwera anajua mtumbwi upi utarudi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Hiyo mashua mbona mmeitoboa toboa hivyo?"

Nikamweleza habari za boliti. Akacheka, maana mtumbwi wake ni gogo moja, hauna boliti. Kisha akaniambia niizungushe simu. "Matundu ya mbele ni ya juu kuliko hapo kwenye kitanda, sivyo? Basi kitanda unakionea bure. Maji hayatokei yalipoingilia."

Chanzo kilikuwa nguzo ya mbele, karibu mita mbili kutoka kitandani. Maji yalisafiri ndani ya sitaha kama mwizi darini.

Niling'oa boliti 14. Kila tundu nililipanua, nikafunga msumari uliokunjwa kwenye drili nikachokonoa balsa iliyooza, ikatoka nyeusi na harufu ya kinamasi. Kisha nikangoja. Kwenye baridi ya huko epoksi, ile gundi ya kujazia matundu, haishiki vizuri, nayo balsa mbichi haikaukii kwa haraka zako, kwa hiyo mashua ilikaa chini ya turubai hadi Mei, na ada ya uwanja nalipa. Ilipokauka nikajaza epoksi nzito, ikawa jiwe, nikatoboa upya katikati yake. Sasa boliti inapita ndani ya epoksi, haigusi mbao. Hata mpira ukizeeka tena, maji hayatapata pa kuozesha.

Jana, mvua ilipokatika kidogo, nimepanda juu ya bati la mama. Ndoo iko karibu na jiko. Sikupaangalia hapo kabisa. Nilifuata mgongo wa bati kuelekea juu, hatua mbili tatu, nikakuta msumari ambao mpira wake umepasuka. Nikaung'oa, nikapigilia mpya.

Usiku mvua ya Tukuyu ikashuka yenyewe. Asubuhi ndoo ilikuwa kavu.

"Hilo nalo umelisomea Uingereza?" mama akauliza.

"Hapana mama. Nimefundishwa na mjomba wa Matema."

Akanyamaza, akaigeuza ndoo ikatazama chini. "Kumbe kaka yangu anajua! Na Krismasi yote iliyopita alikaa hapo jikoni, anasogeza kiti kukwepa matone."