Nilivyokarabati ukingo na sakafu ya bwawa la kuogelea la zamani

Bwawa letu tulilikuta na nyumba, na umri wake unawazidi wanangu wote. Maji hayakuwahi kunipa shida. Kilichonichosha ni vilivyoyazunguka. Upande mmoja mawe ya ukingo yalikuwa yanacheza ukiyakanyaga, vigae vya bluu chini yake vinadondoka kimoja kimoja, na sakafu ya zege inayozunguka bwawa ilikuwa imelalia bwawani. Mvua ikinyesha, tope la bustani lote linaishia majini.

Karibu kila niliyemuuliza alinishauri ning'oe mawe yaliyolegea, nimwage saruji mpya, niyabandike tena. Sikuafiki. Ukiangalia vizuri chini ya mawe yale uliona saruji za rangi mbili, maana yake yalishabandikwa hivyohivyo huko nyuma na yakaachia tena.

Fundi niliyempata alianza kwa kugonga. Alipita na nyundo ndogo jiwe kwa jiwe, ameinamisha sikio. Jiwe lililoshika hutoa mlio mfupi, mkavu. Lililoachia hulia kama debe tupu. Yaliyolia vibaya aliyatia alama ya chaki, na alama karibu zote ziliangukia upande unaopigwa na jua la mchana. Akachuchumaa hapo, akachokoa kwa ncha ya mwiko kwenye mstari unaotenganisha mawe na sakafu.

"Bosi, mawe hayana kosa," akaniambia. "Yanasukumwa."

Ukingo hukaa juu ya mkanda wa zege unaofunga kuta za bwawa kwa juu. Sakafu ya nje hukaa juu ya udongo. Hivi ni vitu viwili, kila kimoja na mwendo wake: jua likichoma zege hutanuka, udongo ukilowa au kukauka hupanda na kushuka. Ndiyo maana katikati yake huachwa nafasi ya sentimita 1 hivi au zaidi kidogo, inayozunguka bwawa zima, ikajazwa kitu kinachonyumbulika. Yetu ilikuwa imejazwa saruji ngumu, pengine na mtu aliyechoka kung'oa majani. Zege likitanuka halina pa kwenda, linayasukuma mawe kuelekea majini, na mawe yanaondoka na vigae.

Kwa hiyo kazi ikageuka. Badala ya kubandika mawe, tukavunja sakafu.

Kuhusu maji, nilikataa katakata bwawa likaushwe. Mahali ambapo maji ya ardhini yako juu, bwawa tupu linaweza kunyanyuliwa kutoka chini na kupasuka. Uzito wa maji ndio unaolishikilia. Tuliyashusha hadi chini kidogo ya vigae, tukazima pampu, tukatandika turubai juu ya mbao kudaka vifusi. Vumbi liliingia vilevile, na kulisafisha baadaye ilikuwa kero, lakini afadhali kero hiyo.

Mawe mazima tuliyang'oa kwa tindo taratibu na kuyapa namba, hasa ya kwenye kona za mviringo, kwa sababu kila moja lilichongwa kwa nafasi yake. Chini yake, sehemu fulani za mkanda, nondo zilikuwa zimeshika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ndiyo maana hupasua zege kutoka ndani. Hapo usimruhusu fundi afunike tu. Wetu alichimbua hadi akafika kwenye zege zima, akasugua nondo kwa brashi ya waya, akazipaka dawa ya kuzuia kutu, kisha akajaza mota, yaani mchanganyiko wa saruji na mchanga, ile maalumu ya kukarabati zege.

Chini ya sakafu tulikuta uwazi. Mchanga ulishasombwa na maji. Tulijaza kifusi na kukishindilia tabaka kwa tabaka, kokoto juu yake. Mteremko safari hii ukaelekea mbali na bwawa, sentimita 2 kwa kila mita. Kabla zege halijamwagwa nilimwita fundi umeme aunganishe nondo za sakafu, ngazi ya chuma na vyuma vingine vya karibu kwa waya wa shaba, ili hitilafu ikitokea mtu mwenye miguu iliyolowa asipigwe na shoti. Hili halina mjadala, na likishafunikwa na zege huwezi kulirudia kirahisi.

Sehemu niliyoifurahia zaidi ni kupanga mawe. Pima maji tulikuwa nayo, lakini kwa upande wa pili wa bwawa haifiki. Fundi akasubiri upepo utulie, akatumia maji ya bwawa lenyewe: rula inagusa uso wa maji, unasoma hadi juu ya jiwe, na kipimo lazima kiwe kilekile pande zote. Ukingo ukipinda hata kidogo utaonekana tu, maana maji yako pale yanausuta. Tulianza na kona, tukayapanga yote makavu kwanza, kisha tukayalaza kwenye mota iliyojaa chini nzima. Mabonge ya mota kwenye pembe nne yanaacha uwazi, na uwazi ndiyo mlio ule wa nyundo.

Mawe ya kuziba pengo la yaliyovunjika niliyachagua yenye uso wa kukwaruza. Yaliyong'arishwa yanapendeza dukani; yakilowa yanaangusha watu. Nilidondoshea pia siki kidogo kwenye kipande cha sampuli. Jiwe likitoa povu lina chokaa, na hilo usije ukalisafisha kwa tindikali.

Ile nafasi kati ya ukingo na sakafu tuliiacha wazi mpaka zege likomae, siku 28. Kisha ikaingia kamba ya povu, na juu yake ziba ya mpira, yaani kizibio laini kinachonyumbulika, iliyonyunyiziwa mchanga ikiwa bado mbichi ili ising'ae. Kamba ile ina kazi mbili: inapunguza kina, na inazuia ziba isigande chini, ishike pande mbili tu na iweze kuvutika. Jua na klorini vitaichosha siku moja. Ikianza kupasuka inakatwa kwa kisu na kujazwa upya, bila kugusa jiwe hata moja.