Siku Kumi na Moja Nje ya Darasa

Nilizaliwa Wundanyi, katika milima ya Taita nchini Kenya, na nilipofika Mbeya mwaka 2017 kufundisha fizikia katika sekondari moja ya binafsi, watu wengi waliniambia kwamba Mwafrika Mashariki mwenzao hahitaji kibali cha kufanya kazi. Walisema kwa nia njema, lakini haikuwa kweli. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliwafungulia raia wa nchi wanachama mlango wa ajira, ila kibali hakikuondolewa. Na Tanzania ilitunga sheria ya kuratibu ajira za wageni mwaka 2015, ambayo kwayo mwajiri ndiye humwombea mgeni kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, kisha Idara ya Uhamiaji hutoa kibali cha ukaazi. Kibali changu cha kwanza kilikuwa cha miezi 24, nacho kilikwisha mapema Julai 2019.

Tangu Aprili nilikuwa nikimkumbusha mhasibu wa shule juu ya tarehe hiyo. Maombi ya kuhuisha yalipelekwa zikiwa zimebaki wiki tatu tu. Marehemu baba yangu alikuwa karani, na ndiye aliyenizoesha kutoiacha karatasi yangu iondoke mikononi mwangu bila nakala; kwa hiyo niliomba nakala ya kila ukurasa, ikiwa imegongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, pamoja na stakabadhi ya malipo. Mhasibu aliona ninamsumbua. Nilisubiri mlangoni kwake hadi akanipa.

Ilikuwa asubuhi ya baridi kali ya Mbeya, ile ambayo ukungu huufunika mlima Loleza hadi karibu saa nne, nilipoitwa kutoka kidato cha nne. Ofisini kwa mkuu wa shule nilimkuta afisa kazi, mzee mtaratibu mwenye miwani, na kijana mmoja wa Uhamiaji aliyevaa sare. Niliamkia. Nikaombwa kuweka mezani nyaraka zangu zote, nami nikazipanga: pasipoti, mkataba wa ajira, cheti cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) cha kuitambua shahada yangu, vibali vilivyokwisha muda, na zile nakala.

Yule mzee alizisoma moja baada ya nyingine bila haraka.

"Mwalimu, pasipoti inaniambia wewe ni nani," alisema. "Mkataba unaniambia umeajiriwa na nani, na cheti hiki kinaniambia umesoma. Sasa nionyeshe karatasi inayoniambia kwamba leo hii unaruhusiwa kuingia darasani."

Nilimsogezea nakala yenye mhuri. Aliilinganisha tarehe yake na tarehe ya kibali cha zamani, akapitisha kidole kwenye mistari yote miwili mara mbili.

"Hii inaonyesha mliomba kabla ya muda kwisha, na hilo linakusaidia sana. Haionyeshi kwamba mmejibiwa."

Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Kilichoniuma ni kwamba jambo nililotakiwa kulithibitisha lilikuwa katika mikono ya wengine: mwajiri ndiye aliyeomba, mwajiri ndiye aliyechelewa, na jibu lingeandikwa kwa mwajiri, ilhali aliyesimama mbele ya meza akiulizwa alikuwa mimi. Naamini hadi leo kwamba bila ule mhuri siku ile ingeishia pabaya zaidi. Iliamuliwa nisifundishe hadi jibu lipatikane kwa maandishi, na mkuu wa shule aliagizwa alifuatilie. "Afande" wa Uhamiaji, aliyeniita dada muda wote, alinitaka nifike ofisini kwao Ijumaa na nakala zilezile.

Siku zilizofuata zilikuwa na maswali ambayo sikuwahi kuyafikiria. Je, kusahihisha madaftari yaliyokwisha kukusanywa ni kazi? Kupanga springi na mizani katika maabara kwa ajili ya zoezi la vitendo je? Niliamua mwenyewe kwamba yote ni kazi, nikamkabidhi mwalimu wa kemia ufunguo wa maabara. Jumamosi walikuja wanafunzi watano hadi nilikopanga, eneo la Forest, wakiwa na madaftari chini ya masweta.

"Shikamoo, mwalimu. Tumekwama kwenye sumaku-umeme. Tueleweshe kidogo tu, hapahapa kibarazani."

Mtihani wa taifa ulikuwa umebaki miezi michache, na swali walilokwama nalo ningeweza kulimaliza kwa dakika kumi. Niliwapikia chai ya maziwa, nikawauliza habari za nyumbani kwao, nikawarudisha bila kuwaeleza chochote. Msichana mmoja aliondoka akilia, akidhani nimewakasirikia, na nilishindwa kumweleza kwamba hata kibarazani pangu kufundisha ni kufundisha. Usiku ule sikulala vizuri. Kuhusu mshahara wa siku hizo, mhasibu alisema angeuliza. Nililipwa nusu yake, mwezi wa Septemba.

Siku ya kumi na moja dereva wa shule alirudi na bahasha kutoka ofisi ya kazi. Kibali kipya kilikuwa kimetoka. Kabla ya kurudi darasani, nilimwomba mkuu wa shule anisubiri, nikapanda bajaji hadi Kabwe kwenye duka la kutoa nakala, nikatoa tano. Niliporudi, makamu mkuu alinifungulia daftari la mahudhurio. Penye jina langu palikuwa na nafasi tupu, kila moja imepigwa mstari mwekundu kwa rula. Nilisaini chini yake, nikaandika saa 5:20, nikaenda kidato cha nne, na yule msichana ndiye aliyenyanyuka kwanza kufuta ubao.