Yule wa kumi

"Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua." (Yohana 3:30)

Bwana asifiwe, wapendwa.

Tarehe 20 Oktoba 1968, kwenye Olimpiki ya Mexico City, John Stephen Akhwari wa Mbulu, Tanzania, aliingia uwanjani giza likitanda, mguu umefungwa bendeji, wa mwisho katika marathoni. Habari zake tumezihubiri mpaka tumezizoea. Siku hiyohiyo Kipchoge Keino wa Kenya alitwaa dhahabu ya mita 1,500. Lakini kuna mtu wa tatu ambaye sijawahi kumsikia akitajwa mimbarini: Ben Jipcho, Mkenya mwenzake Keino katika mbio hizo za mita 1,500.

Keino alikuwa anaumwa nyongo. Mpinzani wake, Mmarekani Jim Ryun, ndiye aliyeshika rekodi ya dunia, na alisifika kwa kuchomoka mwishoni. Ukienda naye polepole hadi mzunguko wa mwisho, umekwisha. Basi Jipcho akafyatuka kama mtu wa mbio fupi: mzunguko wa kwanza sekunde 56, katika mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe haba. Keino akamfuata, akampita, akaenda zake. Alimaliza karibu sekunde tatu mbele ya Ryun. Jipcho akawa wa kumi.

Baadaye alimwomba Ryun radhi. Hapo ndipo ninapompenda zaidi. Kumsaidia mmoja kulimgharimu mwingine, naye hakujifanya haoni. Munich, 1972, katika mbio za kuruka viunzi na maji, Keino alipata tena dhahabu. Jipcho, fedha.

Maneno hayo ya Yohana Mbatizaji huwa tunayasoma haraka, kana kwamba nabii hupungua bila kuumia. Rudi nyuma mpaka mstari wa 26. Wanafunzi wake wanamjia na manung'uniko: watu wote wanamwendea yule mwingine, Yesu. Alikuwa na umati, akauona ukihama.

Kaka yangu aliacha shule kidato cha pili. Ada ilitosha mtu mmoja, naye akasema mdogo ndiye mwenye kichwa. Siku ya mahafali yangu alikuja na shati la kuazima, akabeba kreti za soda tangu asubuhi. Picha ninayo ukutani. Nimesimama katikati na joho langu, shada shingoni. Yeye umeonekana mkono tu, pembeni, unafungua chupa.