Kutoka moto hadi maji

Jioni hii nalitazama tena gurudumu la elementi nne, lile lililowaongoza wanaalkemia, wale wa kale waliotafuta namna ya kugeuza kitu kuwa kingine, kwa karne nyingi, na naona tunalipitia kwa haraka mno. Tunakariri moto, upepo, maji na udongo, kila mtu anachagua lake, basi. Kumbe kazi iko chini ya majina hayo, kwenye tabia nne: joto, baridi, ukavu na unyevu.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alizipanga hivi: moto ni joto na ukavu, upepo ni joto na unyevu, maji ni baridi na unyevu, udongo ni baridi na ukavu. Kila elementi ina tabia moja inayoshirikiana na jirani yake wa kila upande, na haina hata moja inayolingana na ile inayoikabili. Kwa hiyo moto hugeuka upepo upesi, kwa kuwa ni ukavu peke yake unaoondoka. Kugeuka maji ni kugumu zaidi na huchukua muda, maana tabia zote mbili lazima zibadilike. Maandiko yanayobeba jina la Jabir ibn Hayyan, mwanaalkemia wa karne za mwanzo za Uislamu, nayo yanazishughulikia tabia hizo hizo, zipimwe mpaka zikae kwenye mizani.

Mtu aliyewaka hasira hujiamuru awe mtulivu papo hapo. Anatoka moto anataka maji, mabadiliko mawili kwa pigo moja, na akishindwa anadhani ana roho mbaya. Afadhali aanze na ukavu. Kwa Aristotle, kikavu kina mpaka wake chenyewe. Chenye unyevu hakijiwekei mpaka, hufuata umbo la chombo. Ukavu wa hasira ni ile kauli ya "nimeshasema, sirudi nyuma." Joto liache kwanza kama lilivyo. Andika robo saa bila kuinua kalamu, au tembea huku ukiyasema yote kwa sauti. Hasira bado ina moto, lakini sasa inatembea: imekuwa upepo. Hapo ndipo baridi inapofaa, yaani kimya, maji usoni, usingizi.

Ukianza na baridi, joto linashuka na ukavu unabaki. Baridi na ukavu ni udongo, na udongo wa hasira ni kinyongo. Wapo watu wapole sana kwa sura ambao wamebeba kinyongo cha miaka, na nadhani wengi walifika huko kwa njia hii, kwa kunyamazishwa kabla hawajalegea.

Kwa majonzi mazito, ambayo ni udongo, njia ni mbili. Kazi ya mwili huleta joto. Machozi na mazungumzo huleta unyevu. Mimi naona unyevu utangulie, kwa sababu udongo ukipashwa ungali mkavu unakuwa moto, na mfiwa anaishia kugombana na ndugu zake.

Kwetu mwambao elimu hii haijapotea. Katika unajimu, Hamali, Asadi na Kausi bado huitwa nyota za moto, Saratani, Akrabu na Hutu za maji. Linalonisikitisha ni mtu kuambiwa nyota yake ni ya moto akaichukua kama hukumu ya maisha, ilhali gurudumu lenyewe linahusu kugeuka.

Kwenye shajara, chora msalaba. Mstari wa wima ni joto juu, baridi chini. Wa mlalo ni ukavu kushoto, unyevu kulia. Kila jioni tia nukta moja pale ulipokuwa saa ngumu kuliko zote za siku, na pembeni andika tabia moja tu ya kugeuza kesho. Kosa la kawaida ni kutia nukta mahali unapotamani kuwa. Utaligundua pale nukta zinapoanza kurundikana kwenye pembe ya maji huku watu wa nyumbani wakiendelea kukuogopa. Basi muulize mmoja wao akutilie nukta ya siku hiyo.