Kwa Meli Hadi Alaska: Wiki ya Mtu Asiyejua Kupumzika

Wanaosifu safari za meli za kitalii husifu zaidi jambo moja, nalo ni kupumzika: kujilaza kando ya bwawa la kuogelea, kula, kisha kurudi kujilaza. Mimi mapumziko ya namna hiyo hunichosha. Nimezaliwa Mombasa, nimefanya kazi za kusimama karibu maisha yangu yote, na hata siku ya Jumapili nyumbani kwetu Tacoma, karibu na Seattle nchini Marekani, hunikuti nimekaa kitini zaidi ya muda wa kumaliza kikombe cha chai. Mke wangu alipotaka tupande meli pamoja na dada zake, nilikubali kwa sharti kwamba njia niichague mimi. Niliikataa Karibea, kwa kuwa huko jua lenyewe humwita mtu kitini, nikachagua Alaska, ambako hata mwezi wa Julai ubaridi humlazimisha mtu kutembea, na ambako kwa sehemu kubwa ya safari nchi kavu iko karibu kiasi cha kuona miti mmojammoja.

Shughuli ya kwanza melini ni ya lazima, na wengi huiona adha. Kabla ya kamba kufunguliwa katika gati la Seattle, kila abiria alitakiwa kukijua kituo chake cha kukusanyikia na mlio wa hatari, ambao ni honi saba fupi zikifuatwa na moja ndefu. Utaratibu huu umetokana na misiba. Kuzama kwa Titanic mwaka 1912 ndiko kulikozaa mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini mwaka 1914. Na meli ya kitalii Costa Concordia ilipopata ajali katika kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012, mamia ya abiria waliopanda jioni ileile walikuwa bado hawajapewa mafunzo, ndipo kanuni zikabadilishwa ili yatolewe kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Wenzangu walipokwenda kwenye bafe, mimi nilibaki kwenye sitaha ya mashua za kuokolea nikizikagua: idadi ya watu iliyoandikwa ubavuni, kamba zinazozishikilia, na namna mikono ya chuma inavyozisukuma nje ya meli kabla hazijateremshwa majini.

Usiku huo tuliletewa chumbani karatasi ya ratiba ya kesho, imejaa mambo kutoka alfajiri hadi usiku wa manane. Niliisoma kwa matumaini, halafu nikagundua kwamba takriban kila burudani iliyotajwa ilikuwa ni kukaa kwa jina jingine: bingo ni kukaa, kasino ni kukaa, mnada wa picha ni kukaa, na ukumbi wa maonyesho ni kukaa gizani. Sizikejeli, kwa maana shemeji zangu walizifurahia zote, na mmoja wao alishinda pesa za bingo zilizotosha kutununulia sote kahawa. Ila kwangu ratiba ilikuwa na mambo machache tu yaliyofaa, yaani mihadhara ya mtaalamu wa viumbe wa baharini na ziara ya jikoni. Mengine ilinibidi nijitafutie.

Nilianza na miguu. Sitaha ya matembezi iliizunguka meli nzima, na ukutani palikuwa na kibao kinachosema kwamba mizunguko mitatu ni maili moja. Meli zitokazo Seattle kwa kawaida hupita nje ya kisiwa cha Vancouver, upande wa bahari kuu ya Pasifiki, na siku hiyo nzima huoni bandari. Upepo ulivuma kutoka mbele, hivyo upande mmoja wa mzunguko mtu alitembea ameinama na upande wa pili akasukumwa mgongoni. Asubuhi na mapema tulikuwa watu walewale, tukaanza kusalimiana kwa kuinua mkono, na kufikia katikati ya wiki tulikuwa tunaulizana habari za usiku.

Jambo lililonishughulisha kuliko nilivyotarajia ni kibla. Meli hugeuka wakati wowote, na dira ya simu huyumba ukiwa umezungukwa na chuma. Hata hivyo runinga ya chumbani ilikuwa na chaneli iliyoonyesha mahali meli ilipo, mwendo wake, upepo, na uelekeo wa omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, kwa nyuzi. Ukinyoosha uzi juu ya tufe la dunia kutoka kusini-mashariki ya Alaska hadi Makka, uzi huo hupita karibu kabisa na ncha ya kaskazini, kwa hiyo kibla huko ni kaskazini, kwa kuegemea mashariki nyuzi tano au sita tu. Meli ikielekea nyuzi 330, basi kibla iko nyuzi 35 hivi kulia kwa omo. Hesabu hii ndogo niliifanya kabla ya kila sala. Ilinipendeza kwamba Mombasa pia Makka iko kaskazini moja kwa moja, ingawa Mombasa na Alaska ziko mbalimbali sana.

Siku hiyohiyo ya bahari kuu nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa sitaha nikamwambia mke wangu, "Mama Salma, nipe hiyo darubini," mara nikasikia nyuma yangu, "Shikamoo, mzee." Alikuwa kijana mwenye sare nyeupe ya jikoni, mzaliwa wa Likoni, na nilipomwitikia "Marahaba, mwanangu," alicheka hadi akashika mlango. Wenzake wengi walikuwa Wafilipino, Waindonesia na Wahindi, na alikuwa na siku nyingi hajasikia Kiswahili ila kwa simu. Mkataba wake ulikuwa wa miezi kadhaa bila kwenda nyumbani, na jiko lake halizimwi: zamu ya usiku huoka mikate huku abiria wamelala. Ni yeye aliyenishauri niende kwenye ziara ya jikoni, akaniambia, "Mzee, usitazame masufuria. Tazama sakafu na rafu." Nilipokwenda nikaona alichomaanisha. Rafu zina kingo za kuzuia vyombo visiporomoke meli inapolala upande, meza zimefungwa sakafuni kwa skrubu, na sakafuni kuna mifereji ya kunyonya maji ili mtu asiteleze na sufuria ya moto mkononi. Yule mpishi aliyetutembeza aliongeza kwamba sehemu kubwa ya maji tuliyokunywa yalikuwa yametengenezwa na meli yenyewe kutokana na maji ya bahari.

Tulipoingia kati ya visiwa, bahari ilitulia na kazi yangu ikawa zamu ya nyangumi. Mtaalamu alikuwa ametufundisha kwamba tusimtafute mnyama. Tutafute pumzi yake, ambayo hupanda juu ya maji kama moshi wa chungu na kupotea baada ya sekunde chache. Nyangumi wenye nundu wa huku huzaa na kupandana Hawaii wakati wa baridi, kisha hupanda kaskazini kula samaki wadogo majira ya joto. Ndugu zao wa nusu ya kusini hufanya safari ya namna hiyo kutoka bahari za karibu na Antaktika hadi pwani ya Afrika Mashariki, na kati ya Julai na Septemba huonekana Watamu na kwingineko. Nimeishi Mombasa utoto wangu wote bila kumwona hata mmoja, labda kwa kuwa sikuwa na sababu ya kukodoa macho. Hapa nilikodoa, na baada ya muda mrefu wa kutoona kitu aliibuka mmoja karibu, akakunja mgongo, akainua mkia wenye madoa meupe upande wa chini. Madoa hayo hutofautiana kwa kila nyangumi, na watafiti huyatumia kuwatambua. Mama Salma, ambaye hadi hapo alikuwa akisoma riwaya yake ndani karibu na dirisha, alimwona kabla yangu, bila kuinuka.

Juneau ni mji mkuu wa jimbo, lakini hakuna barabara inayouunganisha na miji mingine. Huingii ila kwa ndege au kwa chombo cha majini. Maji kujaa na kupwa ndiko kulikonivutia kwanza, kwani tofauti yake hupita mita 5 siku za bamvua, zaidi ya tulivyozoea Kilindini, na ngazi ya kutokea melini ilibidi isogezwe tulipokuwa mjini. Tulipanda basi hadi karibu na barafuto (mto wa barafu) ya Mendenhall, tukatembea kwa miguu hadi maporomoko ya Nugget. Hiyo ilitosha.

Skagway ndipo nilipotoa pesa za matembezi ya kulipia, nami sijuti, kwa sababu ya reli. Dhahabu ilipatikana Klondike, ndani ya Kanada, mwezi wa Agosti 1896, na maelfu ya watu wakamiminika Skagway ili wavuke milima. Polisi wa Kanada hawakumruhusu mtu kuingia bila akiba ya chakula na vifaa vya mwaka mzima, mzigo wa tani moja hivi, na njia ya White Pass iliua farasi wapatao 3,000 katika kuubeba. Ujenzi wa reli ulianza mwaka 1898 na kumalizika Julai 1900, wakati wachimbaji wengi walikuwa wameshaondoka. Ni reli nyembamba, yenye upana wa milimita 914, nayo hupanda kutoka usawa wa bahari hadi mita 873 ndani ya umbali wa kilomita 32 tu. Kati ya mabehewa kuna vibaraza vya wazi, na hapo ndipo niliposafiri, nimesimama njia nzima, huku njia ya zamani ya farasi ikionekana bondeni kama mkwaruzo mwembamba kwenye mawe.

Mtu wa Mombasa hawezi kusikia miaka hiyo asifikirie reli yake. Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, mwaka uleule wa dhahabu ya Klondike, ikafika Kisumu mwishoni mwa 1901. Upana wake ulikuwa mita moja, na kati ya vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, karibu 2,500 walikufa. Nilimwambia hayo kondakta wa behewa letu, naye akaniuliza maswali mengi kuliko niliyokuwa nimemuuliza mimi, hasa kuhusu simba wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli hiyo.

Siku ya Glacier Bay, ghuba ya barafu iliyo hifadhi ya taifa, niliamka kabla ya kengele ya simu. Hifadhi huruhusu meli kubwa mbili tu kwa siku, na wahifadhi hupanda kwa mashua ndogo karibu na Bartlett Cove huku meli ikiendelea na mwendo, wakikamata ngazi ya kamba ubavuni. Mhifadhi mmoja alikaa na kipaza sauti akatueleza tunachopita. Msafara wa nahodha Mwingereza George Vancouver ulipopita hapa mwaka 1794, ghuba hii haikuwepo isipokuwa kama kijipengo, kwa kuwa barafu ilifika hadi mdomoni; kufikia mwaka 1916 ilikuwa imerudi nyuma kilomita 100 hivi. Kabla ya hapo barafu hiyohiyo ilikuwa imesonga mbele na kuwafukuza Watlingit wa Huna, wenyeji wa asili wa huku, kutoka katika makazi yao, na mwaka 2016 nyumba mpya ya koo zao ilifunguliwa ndani ya hifadhi, Bartlett Cove. Fisi-maji walielea chali wakitupita, na kadiri tulivyopanda juu ndivyo miti ilivyopungua hadi yakabaki mawe matupu, kwani sehemu za mwisho zimeachwa na barafu karibuni zaidi.

Mbele ya barafuto ya Margerie meli ilisimama, na omo, ambayo siku nyingine hufungwa, ilifunguliwa kwa abiria. Ukuta ule una upana wa kilomita 1.6 hivi na hupanda mita 75 hivi juu ya maji, na rangi yake ni buluu mahali palipopasuka karibuni, kwa kuwa barafu iliyoshindiliwa humeza rangi nyekundu ya mwanga. Kila mtu alisubiri kipande kianguke. Mimi nilikuwa na kazi ya ziada: sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo nilipoona kipande kinakatika nilianza kuhesabu, na ngurumo ilipofika baada ya sekunde mbili nikajua tuko kama mita 700. Watoto wawili waliokuwa kando yangu walinisikia nikihesabu, wakaanza kuhesabu nami kwa Kiingereza chao, hata ikawa kila kipande kilichoanguka kilipokelewa na kundi zima la watu wazima wakihesabu kwa sauti. Nahodha aliizungusha meli taratibu mahali palepale ili kila upande uone, nami niliporudi chumbani kusali adhuhuri ilibidi niisome runinga upya, kwani kibla ilikuwa imehamia mlangoni.

Ketchikan ilitupokea kwa mvua, jambo lisiloshangaza katika mji unaopata mvua ya mita tatu na zaidi kwa mwaka. Samoni walikuwa wakipanda kijito cha katikati ya mji, chini ya nyumba za Creek Street zilizojengwa juu ya nguzo, na hapo nilisimama mpaka shemeji zangu wakanifuata.

Bandari ya mwisho, Victoria nchini Kanada, ndiyo iliyonung'unikiwa sana melini, kwa sababu tulifika jioni na kuondoka usiku. Sababu yake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1886, ambayo haiziruhusu meli za kigeni kuchukua abiria katika bandari ya Marekani, kuwapitisha bandari nyingine za Marekani na kuwarudisha humo bila kugusa bandari ya nchi nyingine. Na meli nyingi za kitalii zimesajiliwa nje, yetu ikiwemo. Wengi hawakuteremka. Mimi na Mama Salma tuliteremka, tukatembea hadi mwisho wa ukuta wa kukinga mawimbi wa Ogden Point, wenye urefu wa karibu mita 800, kisha tukaelekea mjini kuona Bunge lilivyopambwa kwa maelfu ya taa. Alikuwa amemaliza vitabu vyake vyote, na njiani alitaka nimweleze upya ile hesabu ya kibla, kwa kuwa kesho asubuhi tungekuwa Seattle na nyuzi zingekuwa zimebadilika hadi 17 au 18. Tulirudi melini saa moja kabla ya ngazi kuinuliwa, tukayatoa masanduku yetu kwenye ujia kama tulivyoagizwa, nami nikapanda sitahani kumaliza maili iliyobaki.