Kutoa Usukani wa Hilux Bila Kupiga Nyundo

Swichi ya indiketa ya Toyota Hilux imefungwa nyuma ya usukani, kwa hiyo ikichakaa, usukani hauna budi kutoka kwanza. Nati inayoushika ni moja tu, namba 19 katika pikapu yangu, lakini nimeona magari kadhaa ambayo ncha ya shafti (chuma kirefu kinachobeba usukani) imepondwa kwa nyundo na fundi mwenye haraka. Shafti hiyo imeundwa ijikunje wakati wa ajali ili isimchome dereva kifuani, na mapigo ya nyundo yanaweza kuilegeza hata kama kwa nje haionyeshi dalili yoyote.

Mimi huanza kwa kunyoosha magurudumu ya mbele, kisha ninafungua waya wa hasi wa betri. Kama gari lina mfuko wa hewa wa usalama, Toyota inaelekeza kusubiri angalau sekunde 90, kwa sababu mfumo huo huhifadhi umeme wa kuulipua hata baada ya betri kukatwa. Binafsi hunywa chai kabisa. Mfuko ukishatoka, uwekwe mbali, upande wa kifuniko ukitazama juu, usije ukaruka endapo utalipuka. Hilux za zamani hazina mfuko huo: hutolewa kifuniko cha honi tu.

Nati inapofunguliwa, ushike usukani kwa mkono badala ya kutegemea kufuli lake, ambalo linaweza kuvunjika. Tia alama kwenye shafti na kwenye kitovu, yaani sehemu ya katikati ya usukani, kisha iache nati kwenye nyuzi chache za mwisho, la sivyo usukani ukiachia ghafla utakupiga usoni. Kitovu kina matundu mawili yenye nyuzi, na humo ndimo hufungwa bolti za chombo cha kuvutia. Ukikaza bolti ya katikati ya chombo hicho polepole, usukani huachia meno ya shafti wenyewe kwa mlio mmoja mkavu.

Wakati wa kurudisha, utepe wa nyaya uliozungushwa nyuma ya usukani lazima uwe katikati ya mzunguko wake, kwani ukikosewa hukatika siku ya kwanza ya kukata kona kali, na taa ya mfuko wa hewa huwaka kwenye dashibodi. Usukani ukikaa upande ilhali gari linakwenda moja kwa moja, fungua tena usogeze jino moja.