Gololi 18 na Koni Moja

Rimu ya nyuma ilikuwa inagusa breki, inaacha, inagusa tena. Niliinua baiskeli, nikashika rimu na kuisukuma kushoto na kulia. Ikacheza, na ndani kukasikika tok, tok. Fundi niliyempelekea alisema gurudumu zima libadilishwe. Lakini spoku zote 36 zilikuwa zimekaza na rimu imenyooka. Kilichokuwa kinacheza ni habu, yaani kitovu cha gurudumu, na habu hufunguliwa. Nikarudi nayo nyumbani.

Koni, ile nati yenye ncha ya mviringo inayobana gololi ndani ya habu, hushikwa kwenye bapa jembamba ambamo spana ya kawaida haiingii. Nilichukua spana ya bei rahisi, namba 15, nikaipiga tupa mpaka ikabaki na unene wa milimita 2 hivi. Ilinila saa nzima, ila spana hiyo ninayo hadi leo. Ikashika koni ya kushoto, namba 17 ikashika nati ya nje, nati ikaachia.

Nilitandika kitambaa kwanza, ndipo nikavuta ekseli kutokea upande wa friwili, yaani upande wa mnyororo. Gololi zilitoka zimezama kwenye tope la rangi ya kutu. Ndiyo iliyokuwa grisi, kabla maji ya mvua hayajaingia. Nikazihesabu: 9 kila upande, za robo inchi.

Baada ya kuosha kila kitu kwa mafuta ya taa na mswaki, ugonjwa ukaonekana. Koni ya kulia ilikuwa na mstari mmoja unaong'aa, laini. Ya kushoto ilikuwa imechimbika vishimo, kimoja kikubwa kama kichwa cha pini. Kikombe ndani ya habu, pale gololi zinapokaa na kuzunguka, ndicho kilichoshika uamuzi wote, maana kwenye habu za bei rahisi ni vigumu kukipata peke yake. Kikichimbika, fundi angekuwa sahihi. Nilipitisha ncha ya kalamu ya wino polepole kwenye njia ya gololi, mzunguko mzima, pande zote mbili. Haikunasa popote. Nikaviringisha ekseli juu ya kioo kuangalia kama imepinda, kwa sababu habu ambazo friwili hufungwa kwa kuzungushwa kwenye nyuzi hupinda ekseli mara nyingi upande wa kulia. Ilikuwa imenyooka.

Dukani nilienda na ekseli yenyewe mkononi, na ikasaidia. Koni ya kwanza niliyopewa iliingia ikawa inalegalega juu ya nyuzi: ilikuwa ya milimita 10, na ekseli yangu ni ya inchi 3/8, yaani milimita 9.5. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Gololi nilinunua mpya zote 18. Ukichanganya mpya na za zamani, mpya ni kubwa kwa unywele, basi mzigo wote unaziangukia hizo chache.

Nilijaza vikombe grisi ya beringi za gari, nikapanga gololi moja moja kwa ncha ya bisibisi. Zikifika 9 hubaki mwanya unaokushawishi kuongeza ya 10. Usiongeze, mwanya huo ndio unaoziacha zizunguke bila kusagana.

Kurekebisha ndiko kulikonichosha. Nilikaza koni kwa vidole hadi ikagusa, nikairudisha robo mzunguko, nikaishikilia kwa spana na kufunga nati. Ekseli ikawa inakwaruza, kwa kuwa nati ikikazwa huisukuma koni ndani kidogo. Mara ya pili nililegeza kupita kiasi, rimu ikacheza tena. Mara ya tatu ekseli ilizunguka vidoleni kimya, bila kucheza.

Nilifunga gurudumu kwenye fremu, nikaweka valvu usawa wa ekseli, nikaiachia. Ikashuka yenyewe, ikapita chini, ikapanda kidogo upande wa pili, ikarudi, ikabembea hivyo mara kadhaa, kisha ikatulia chini kabisa.